Umeme unaotoka kwenye presha ya gesi: nani hasa anaulipia?

Gesi asilia husafiri kwa presha kubwa na hutumika kwa presha ndogo. Kwenye mabomba makuu yanayovuka mikoa na mipaka ya nchi, presha ya kawaida ni kati ya bar 40 na bar 80, na yapo mabomba yanayopita hapo. (Bar moja inakaribiana na presha ya hewa inayotuzunguka tukiwa usawa wa bahari.) Jiko la nyumbani linataka presha inayozidi ile ya hewa kwa sehemu mbili tu za mia za bar. Katikati kuna ngazi kadhaa: kituo cha kuingilia mjini kinaishusha hadi bar kumi hivi, vituo vya mitaa vinaishusha tena, na kidhibiti kilicho kando ya mita kinamalizia.

Ukikaribia kituo kikubwa cha kushushia presha, kabla hujaona kitu utasikia. Ni mluzi mzito usiokatika, unaotoka ndani ya vali, pale gesi inapojipenyeza kwenye mwanya mwembamba kwa mwendo unaofikia ule wa sauti. Mahali ambapo gesi haikupashwa moto vya kutosha, bomba la upande wa kutokea huvaa barafu nyeupe hata jua likiwaka, na udongo unaolizunguka unaweza kuganda, ukavimba na kuinua misingi ya kituo. Kelele na barafu ndiyo matokeo pekee yanayoonekana. Hakuna kinachozungushwa, hakuna kinachozalishwa. Vali inaishusha gesi kama dereva anavyoshusha lori kwenye mteremko mrefu kwa kukanyaga breki tu.

Wahandisi walishajiuliza zamani: badala ya vali, kwa nini tusiweke turbaini? Gesi ipite kwenye mapezi, izungushe shafti, shafti izungushe jenereta, na upande wa pili gesi itoke kwa presha ile ile ambayo vali ingeitoa. Wazo hilo ni sahihi na linafanya kazi. Mitambo ya aina hiyo imekuwapo Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1980. Tatizo liko kwenye jinsi inavyoelezwa. Wauzaji na hata baadhi ya waandishi huuita umeme wa bure, nishati iliyokuwa ikimwagwa bila faida. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoamua kama mtambo utaleta faida au utakaa pale kama pambo.

Vali haimwagi nishati

Vali haina shafti inayotoka nje, na gesi inaipita haraka kiasi kwamba joto halipati muda wa maana wa kuingia wala kutoka. Kwa hiyo nishati inayobebwa na kila kilo ya gesi kabla ya vali ni ile ile baada ya vali. Ule mluzi unachukua kiasi kidogo mno, hakifai hata kuwekwa kwenye hesabu. Mwendo mkali wa gesi kwenye mwanya hugeuka kuwa msukosuko, na msukosuko hugeuka kuwa joto ndani ya gesi yenyewe.

Mbona basi gesi inatoka imepoa? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1852, wakati James Prescott Joule na William Thomson (ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin) walipoanza majaribio ya kusukuma gesi ipite kwenye kizibo chenye vitundu vidogo na kupima joto lake pande zote mbili. Molekuli za gesi nyingi huvutana kidogo. Presha ikishuka zinaachana, na kuachana huko kunagharimu nishati, ambayo hutolewa kwenye joto lao wenyewe. Kwa gesi asilia, kanuni ya mkono ya mafundi ni kama nusu nyuzi ya Selsiasi kwa kila bar inayoshushwa. Shusha bar 30, gesi itapoa kwa nyuzi 15 hivi.

Sasa turudi nyuma hadi kwenye kompresa, mashine zinazoipa gesi presha huko bombani, kwa sababu huko ndiko watu wengi wanakopotea. Kompresa za bomba kuu hutumia kazi ya shafti kuibana gesi, na gesi ikibanwa hupata moto. Kwa kawaida hupozwa kwa feni kubwa kabla ya kuendelea na safari, na joto linalobaki huondolewa na udongo njiani. Gesi inapofika mjini, ina joto la udongo. Maana yake ni kwamba karibu nishati yote iliyoingizwa na kompresa imeshatoka, imekwenda hewani na ardhini. Haimo tena ndani ya gesi. Linganisha kilo moja ya gesi iliyo bar 40 na kilo moja iliyo bar 10, zote zikiwa na joto moja: ile ya bar 40 haina nishati zaidi. Ukipima kwa makini utakuta ina pungufu kidogo, kwa sababu ya ule mvutano wa molekuli.

Basi umeme wa turbaini unatoka wapi?

Unatoka kwenye joto la gesi. Turbaini inailazimisha gesi isukume mapezi wakati inapanuka, na kila kinachotoka kwa njia ya shafti hupungua kwenye joto la gesi hiyo. Ndiyo maana turbaini hupoza kuliko vali, tena kwa mbali. Vali ikipoza nusu nyuzi kwa bar, turbaini hupoza nyuzi moja na nusu, mbili, wakati mwingine zaidi, kutegemea imeanzia presha gani.

Presha basi ina kazi gani hapo? Ni kibali. Inaruhusu joto hafifu ligeuzwe kuwa kazi ya shafti karibu lote, jambo ambalo mtambo wa joto wa kawaida hauwezi. Sadi Carnot alionyesha mwaka 1824 kwamba mtambo unaochukua joto mahali pa moto na kulitupa mahali pa baridi una kikomo kinachowekwa na joto la pande hizo mbili. Maji ya nyuzi 85 katika mazingira ya nyuzi 15 hayawezi kutoa zaidi ya asilimia 20 hivi ya joto lake kama kazi, hata mtambo uwe mzuri kiasi gani. Wa kweli, wenye msuguano na mivujo, hupata kama nusu ya hapo. Chukua maji yale yale uyatumie kuipasha moto gesi inayoingia kwenye turbaini ya kituo cha gesi, na karibu kila uniti ya joto uliloongeza inarudi kama kazi ya shafti. Tofauti imelipwa na presha. Vali inapoishusha gesi, kinachopotea ni kibali hicho.

Hesabu

Tuchukue kituo cha wastani, kinachopitisha mita za ujazo 20,000 za gesi kwa saa (zikipimwa kwenye hali ya kawaida), kikiishusha kutoka bar 40 hadi bar 10. Hiyo ni kama kilo 4 za gesi kwa sekunde. Gesi inafika ikiwa na nyuzi 10, nasi tunataka itoke ikiwa na nyuzi 7, isije ikagandisha bomba.

Kwa vali, inabidi gesi ipashwe hadi nyuzi 20 hivi kabla ya kushushwa. Hilo linahitaji joto la kilowati 110 kwa makadirio, na ndiyo maana vituo vingi vya aina hii tayari vina boila ndogo pembeni. Watu wengi hawalijui hilo: vali isiyozalisha kitu tayari inachoma gesi ili isigande.

Kwa turbaini yenye ufanisi wa asilimia 80 (yaani inatoa asilimia 80 ya kazi ambayo turbaini isiyo na dosari ingeitoa), gesi inabidi ipashwe hadi nyuzi 85 hivi, kwa sababu itapoa kwa karibu nyuzi 78 ikipita kwenye mapezi. Joto linalohitajika linaruka hadi kilowati 780. Shafti inatoa kilowati 670, na baada ya jenereta tunabaki na umeme wa kilowati 640 hivi.

Toa 110 kwenye 780. Unapata 670, na shafti nayo inatoa 670. Haikutokea kwa bahati. Gesi inatoka kwenye hali moja katika njia zote mbili, bar 10 na nyuzi 7, kwa hiyo kazi yote iliyotoka ni lazima ilingane na joto la ziada lililoingia. Mtu akikwambia mtambo wake unatoa umeme wa megawati kadhaa, swali la kwanza la kumwuliza ni joto linatoka wapi na nani analilipia.

Tuseme linatoka kwenye boila yenye ufanisi wa asilimia 90. Kwa kilowati 640 za umeme utachoma gesi ya ziada yenye nguvu ya kilowati 745 hivi. Umegeuza mafuta kuwa umeme kwa ufanisi wa asilimia 86. Mitambo bora ya gesi duniani, inayounganisha turbaini ya gesi na ya mvuke, hupita kidogo tu asilimia 60. Ukihesabu hewa ya ukaa, gesi asilia hutoa kama kilo 0.2 kwa kila kilowati-saa ya joto, hivyo umeme huu unabeba kilo 0.23 hivi kwa kilowati-saa, wakati wa mtambo mzuri wa gesi unabeba 0.35 au zaidi, na wa makaa ya mawe unakaribia kilo moja. Kwa hiyo hata katika hali mbaya, ya kuchoma gesi kwa ajili ya kupasha gesi, ni umeme mzuri sana. Kuuita bure, au kuuweka moja kwa moja kwenye kundi la jua na upepo, ni kuwadanganya watu.

Na tusisahau ukubwa wa jambo lenyewe. Zile mita za ujazo 20,000 kwa saa, zikichomwa zote, hutoa nguvu ya karibu megawati 200. Turbaini yetu inatoa 0.64. Ni kama theluthi ya asilimia moja ya nishati inayopita kwenye bomba. Teknolojia hii haitaokoa gridi ya nchi yoyote. Inaweza kuendesha kiwanda, hospitali, au mamia ya nyumba.

Kwa nini isiachwe tu ipoe?

Swali hili huulizwa sana, na ni la haki. Ukiacha kupasha kabisa, gesi iliyoingia na nyuzi 10 ingetoka na baridi ya nyuzi kama 50 chini ya sifuri. Chuma cha kawaida cha mabomba huanza kuwa rahisi kukatika kwenye baridi ya namna hiyo, raba za vidhibiti hukakamaa, na udongo huganda. Lakini adui anayekuja mapema zaidi ni haidreti: gesi na maji vikikutana kwa presha kubwa hufanya kitu kigumu kinachofanana na theluji iliyoshindiliwa, hata juu ya nyuzi sifuri. Zamani ilidhaniwa ni barafu ya kawaida inayoziba mabomba. Mwaka 1934 mkemia wa Marekani, Hammerschmidt, alionyesha kwamba ni haidreti. Gesi ya mabomba makuu hukaushwa kwa sababu hiyo, ila kukausha hakuondoi kila tone, na kituo kilichozibika usiku wa baridi ni balaa kwa kila aliye mbele yake.

Hata hivyo wapo wanaoitaka baridi hiyo. Turbaini za upanuzi zilizaliwa kwa ajili ya baridi, umeme ulikuja baadaye. Georges Claude alitumia mashine ya upanuzi kuigeuza hewa kuwa kimiminika mwaka 1902, ikiwa ya pistoni, na mwaka 1939 Pyotr Kapitsa alieleza turbaini ndogo ya kasi iliyofanya kazi hiyo kwa ufanisi mkubwa. Kwenye vituo vya gesi mtu anaweza kufanya vivyo hivyo: akiwa na ghala la baridi au kiwanda cha barafu jirani, baridi inanunuliwa na wakati huo huo mnunuzi anaipasha gesi bila malipo. Njia nyingine ni kuitumia presha kugandamiza na kupoza sehemu ya gesi ile ile hadi iwe kimiminika, kisha kuiuza kama mafuta ya magari makubwa. Hesabu za karatasi huvutia. Shida ni kumpata mnunuzi wa baridi aliye jirani na bomba, anayetaka baridi saa zile zile gesi inapotiririka.

Joto la wapi?

Hapa ndipo mradi unapofaulu au kufa, kwa hiyo tukae kidogo.

Boila tumeshaiona. Hatua inayofuata ni kuondoa boila na kuweka injini ya gesi yenye jenereta yake. Injini inazalisha umeme, na joto la moshi wake na la maji yanayoipoza linapasha gesi. Kituo kimoja kinakuwa na vyanzo viwili vya umeme, na joto ambalo injini ingelitupa hewani linapata kazi. Mjini Toronto, mwaka 2008, kampuni ya gesi ya Enbridge pamoja na FuelCell Energy walizindua mtambo wa megawati 2.2 uliofuata mantiki hiyo: megawati 1 ilitoka kwenye turbaini ya presha, na 1.2 kwenye seli fueli, kifaa kinachogeuza gesi kuwa umeme kwa kemia bila kuiwasha. Joto la seli fueli ndilo lililoipasha gesi ya turbaini.

Bora zaidi ni joto ambalo lipo tayari na halina mwenyewe: maji ya kupozea kiwandani, moshi wa tanuri, seva za kompyuta, maji moto ya ardhini. Tatizo la vyanzo hivi ni kwamba mara nyingi havifiki nyuzi 85. Dawa yake ni kushusha presha kwa hatua mbili. Kwenye mfano wetu, badala ya kuruka kutoka bar 40 hadi 10 mara moja, gesi inapashwa hadi nyuzi 45 hivi, inashushwa hadi bar 20, inapashwa tena hadi nyuzi 45, kisha inashushwa hadi bar 10. Shafti inatoa kazi kidogo chini ya ile ya mwanzo, na gharama ya mashine inapanda, lakini maji ya uvuguvugu yasiyofaa kwa kitu kingine chochote sasa yanatengeneza umeme. Kwa maoni yangu, hapa ndipo teknolojia hii ina sababu ya kweli ya kuwepo.

Pampu ya joto nayo inastahili kutajwa. Inakula uniti moja ya umeme na kutoa uniti tatu za joto, mbili zikiwa zimechukuliwa kwenye hewa, udongo au maji. Kwa kilowati 780 za joto itakula 260 kati ya 640 zetu, na zitabaki 380 ambazo hakuna gesi iliyochomwa kwa ajili yake. Huu sasa ni umeme usio na moshi kabisa kituoni. Ila uwiano huo wa moja kwa tatu haupatikani kirahisi ukitaka nyuzi 85. Ni mpaka pampu ipate chanzo chenye uvuguvugu, au upashaji ugawanywe kwa hatua mbili kama tulivyoona.

Mashine yenyewe

Turbaini ya kituo kama chetu huushangaza macho kwa udogo. Gurudumu lake unaweza kulishika kwa mikono miwili, lakini linazunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, ncha za mapezi zikikimbia zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Gesi huingia kutoka pembeni, ikielekezwa na vibao vinavyoweza kugeuzwa, na hutokea katikati. Kwa kuwa jenereta ya kawaida inataka mizunguko 1,500 au 3,000 kwa dakika kwenye gridi ya hezi 50, lazima kuwe na giaboksi, na pale shafti inapotoka kwenye kasha la gesi lazima kuwe na sili maalumu, mara nyingi zikisaidiwa na naitrojeni, ili gesi isivuje.

Njia mpya zaidi ni kuifungia jenereta ndani ya gesi. Jenereta ya sumaku za kudumu inakaa kwenye shafti moja na gurudumu, shafti inaelea kwenye beringi za sumaku bila mafuta, na kinachotoka nje ni nyaya tu. Hakuna giaboksi, hakuna sili ya kuvuja. Umeme unatoka kwa masafa ya juu na kurekebishwa na vifaa vya kielektroniki kabla ya kuingia kwenye gridi. Kwa vituo vidogo zipo mashine za skrubu, binamu wa kompresa za skrubu zikiendeshwa kinyumenyume: ufanisi wake ni wa chini, lakini zinavumilia mtiririko unaopanda na kushuka.

Vyovyote iwavyo, turbaini haiondoi vali. Inafungwa sambamba nayo. Gridi ikikatika ghafla, jenereta inapoteza mzigo na gurudumu linataka kukimbia hadi lijivunje. Vali ya dharura inafunga kwa muda usiofika sekunde, na vidhibiti vya zamani vinafunguka kuchukua mtiririko wote. Mteja wa mwisho hatakiwi kuhisi lolote. Kwa kampuni ya gesi umeme ni jambo la pembeni, na mhandisi wake akionekana mgumu kukubali mtambo mpya, ana haki yake: akikosea, si taa zitakazozimika tu, kuna moto utakaozimika kwenye maelfu ya majiko na boila na kulazimu kila nyumba ikaguliwe kabla ya gesi kurudishwa.

Mtiririko haukai sawa

Gesi ya mjini hufuata mikono ya watu. Nchi zenye majira ya baridi hutumia gesi nyingi mno wakati huo na kidogo wakati wa joto. Ndani ya siku moja kuna kilele cha asubuhi na cha jioni, na usiku wa manane mabomba karibu yanalala. Turbaini iliyochaguliwa kwa kilele itakaa ikipumua nusu pafu sehemu kubwa ya mwaka, na chini ya kiasi fulani cha mtiririko ufanisi wake huporomoka. Ndiyo maana wazoefu huipima kwa mtiririko wa chini unaopatikana saa nyingi za mwaka, na kinachozidi wanakiacha kipite kwenye vali. Wanapoteza umeme kidogo, wanapata mashine inayofanya kazi muda wote. Miradi kadhaa imekufa kwa kukosea hapa tu.

Kwa sababu hiyo mahali pazuri zaidi mara nyingi si mjini. Ni kwenye mlango wa mteja mkubwa anayetumia gesi mchana na usiku: mtambo wa umeme wa boila na mvuke, ambao unataka gesi ya presha ndogo tu, au kiwanda cha saruji, chuma au kemikali. Mtiririko hauyumbi, joto la kutupa lipo hatua chache tu, na umeme unatumika pale pale bila kulipia nyaya za mtu. Iran ilifuata njia hiyo kwenye mtambo wa umeme wa Neka, kando ya Bahari ya Kaspi, ambako gesi inayoshushwa presha kabla ya kuingia kwenye boila hupitishwa kwenye turbaini kwanza.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba turbaini hujali uwiano wa presha kuliko tofauti yake. Kilo ya gesi inayoshushwa kutoka bar 4 hadi 2 inatoa karibu kazi sawa na ile inayoshushwa kutoka 40 hadi 20, ikiwa joto la kuingilia ni moja. Vituo vidogo vya mitaani navyo vina hazina. Kinachovikwamisha ni uchache wa gesi inayopita na gharama ya kuviunganisha kwenye gridi, ambayo haipungui kwa kadiri mtambo unavyokuwa mdogo.

Nani anaulipia

Presha ilinunuliwa na mtu. Kompresa za njiani huchoma sehemu ya gesi yenyewe ili kuisukuma iliyobaki, na gharama hiyo imo kwenye nauli ya usafirishaji anayolipa kila mtumiaji. Presha inayofika kituoni ikiwa ya ziada kweli, kuichuma ni faida halali, kwa sababu ingekwenda bure kwenye vali. Ila mara mtu akianza kuomba bomba kuu liongezewe presha ili turbaini izalishe zaidi, biashara imegeuka hasara: kompresa ina upotevu wake, turbaini ina wake, na joto nalo linadaiwa. Vivyo hivyo ukiishusha gesi kuliko mtandao wa mbele unavyohitaji, nyumba za mwisho wa bomba ndizo zitakazoona moto mdogo.

Halafu kuna mwenye kituo na mwenye umeme. Katika Umoja wa Ulaya, sheria za soko la gesi na la umeme zinatenganisha wanaoendesha mabomba na nyaya na wale wanaozalisha na kuuza nishati. Nia ni njema, kuzuia mwenye njia asiwakandamize wafanyabiashara wengine. Lakini turbaini ya presha ni kipande cha bomba na mtambo wa umeme kwa pamoja, na mwenye bomba anaweza kujikuta hana ruhusa nyepesi ya kuuza anachozalisha, wala motisha, kama mdhibiti atazitaka faida zake zote zipunguze nauli. Mara nyingi suluhisho huwa kutumia umeme huo kuendesha vituo vyenyewe, au kumkaribisha mwekezaji wa pembeni.

Hesabu ya faida nayo inategemea bei mbili zinazocheza kila moja kwa mdundo wake. Mwenye boila ananunua gesi na kuuza umeme; gesi ikipanda kuliko umeme, anazima turbaini na kurudi kwenye vali. Mwenye joto la bure hana wasiwasi huo.

Kisha ipo haidrojeni, ambayo baadhi ya nchi zinapanga kuichanganya na gesi au kuipitisha peke yake kwenye mabomba hayo hayo. Haidrojeni ni mkaidi: kwenye joto la kawaida, vali ikiishusha presha haipoi, inapata moto kidogo, kwa hiyo ile boila ya kuzuia barafu haihitajiki tena. Turbaini, kwa upande wake, bado ingeipoza, kwa kuwa inatoa kazi. Na kwa kuwa haidrojeni ni nyepesi mara nane kuliko methani, kila kilo yake inatoa kazi nyingi zaidi na inahitaji mapezi yanayokimbia kasi zaidi, au magurudumu kadhaa yakifuatana. Gurudumu lililochongwa kwa ajili ya methani halitafaa. Mashine hizi hukaa kazini miaka 20 na zaidi, kwa hiyo anayeagiza moja leo ana sababu ya kumwuliza muuzaji, kabla ya kutia saini, kama gurudumu linaweza kubadilishwa bila kung'oa kasha zima.